Mkono Mmoja wa Asumini

Katika soko la maua la Madurai, asumini ikishafungwa kwenye uzi wa mgomba haiwekwi tena kwenye mizani. Hupimwa kwa mkono wa muuzaji, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na hapo ndipo Pechiammal alipowapiku wenzake. Mungu alimjalia mikono mirefu.

"Mikono ya tumbili hiyo!" Mookayi, jirani yake wa biashara, hakuchoka kumtania.

"Nawe vuta wako urefuke, shoga, wateja wasikukimbie."

Zamani, jioni zote, Pandi mumewe alitoka stesheni alikobeba mizigo, akapanga foleni nyuma ya wanawake na shati lake jekundu limelowa jasho.

"Mama muuza maua, nipimie mkono mmoja. Mke wangu mkali, nikirudi mikono mitupu silali ndani."

Alilipa kama mteja mwingine yeyote, kisha akamfunga maua nywelini hapo hapo, soko zima likipiga miluzi. Pechiammal alijifanya kukasirika. Alirudi nyumbani akinukia, akitembea polepole ili njia isiishe.

Pandi alipofariki, wanawake wa ukoo walimvunjia bangili, wakamfuta tone jekundu la mke wa mtu kwenye kipaji cha uso, wakamchomoa maua kichwani. Tangu siku hiyo, mwanamke aliyefunga asumini kutwa hakuruhusiwa kuvaa hata ua moja. Vidole vyake viliruhusiwa kupamba maharusi wa mji mzima. Kichwa chake ndicho kilichoitwa nuksi! Na hakuna aliyeona ajabu, hata yeye mwenyewe.

Ijumaa moja jioni alisikia sauti ya Vadivu, fundi cherehani, aliyekuwa mteja wake tangu akiwa msichana wa shule na ambaye wiki kadhaa alikuwa kwao kijijini.

"Dada Pechi."

Bila kuinua macho, mkono ulipima wenyewe, uzi ukakatwa. Aliponyanyuka kumpa, alikuta uso hauna tone jekundu, na mikono haina bangili.

"Mume wangu amefariki huko huko, dada," Vadivu alisema. "Nimekuja kukuaga tu. Sina la kununua kwako tena."

"Lete huo uzi niuuze mimi," Mookayi alinong'ona. "Usimtie mwenzio aibu."

Vadivu alirudi nyuma hatua moja, lakini macho yake yalibaki kwenye maua. Pechiammal aliyajua macho hayo. Ndiyo aliyokuwa nayo yeye mwezi ule wa kwanza wa ujane, alipokuwa akiinamia kikapu kana kwamba anatafuta kitu, ili anuse tu. Hakuna aliyemwambia chukua. Akimwacha huyu aondoke, hatarudi.

"Geuka," alimwambia.

"Watu watasema, dada."

"Waseme. Hapa sokoni siku gani watu walinyamaza? Geuka, mdogo wangu."

Vadivu aligeuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua shada la harusi alisonya, akaondoka. Pechiammal alimfunga Vadivu maua nywelini, akakaza fundo mara mbili.

Vadivu alipangusa macho kwa ncha ya sari, kisha akainama kikapuni, akauvuta uzi, akaupima kwa mkono wake mwenyewe.

"Na wewe geuka."

Pechiammal aliutazama uzi ule.

"Mkono wako mfupi," alisema. "Unanipunja."

Akageuka.