Maneno Ambayo Mama Mathilde Hakuyabeba

Nilimhesabu Mama Mathilde miongoni mwa wadhibiti wa maneno ya watu. Sikuwa na chuki naye. Niliamua tu, kwa utulivu wa mtu mwenye digrii ya sosholojia, kwamba woga umemfanya aifanyie serikali kazi bila mshahara. Hukumu hiyo niliishikilia kwa muda mrefu, na hata leo sielewi vizuri jinsi nilivyoifikia kwa wepesi ule.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2019, baada ya uchaguzi, mtandao ulipokatwa nchi nzima. Simu za kawaida zilipita, lakini WhatsApp ilinyamaza. Kwa wengi wetu wa mtaa wa Kikula, hapa Likasi, ilikuwa kero. Kwa mdogo wangu Suzanne ilikuwa jambo jingine. Mume wake, Godefroid, alikuwa hospitalini India akingoja kupasuliwa moyo, na hawakuwa na njia nyingine ya kusemezana, kwani simu ya kawaida hadi India hawakuimudu. Zaidi ya kifo, Suzanne aliogopa kwamba mume wake ataingizwa chumba cha upasuaji akidhani mke wake amemnyamazia.

Mama Mathilde alikuwa muuzaji wa unga wa mahindi aliouleta kutoka Zambia. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Mwenyewe alisema ukoo wao umekwisha kumaliza zamu ya chini ya ardhi, sasa ni zamu ya barabara. Mtandao ulipokatika, alianza kubeba simu za majirani hadi ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Huko aliziunganisha na laini yake ya Zambia, na ujumbe uliokwama, wenye alama ya saa ndogo pembeni, ukaondoka. Kisha alingoja majibu na kurudi.

Lakini alikuwa na sharti. Kila mtu alirekodi sauti mbele yake, sebuleni kwake, huku yeye akijaza unga katika mifuko midogo. Likisikika neno la kura, la waziri, la askari, hata jina la Shinkolobwe, mgodi wa urani uliofungwa, alitikisa kichwa.

Suzanne alianza: "Godé, unisamehe. Serikali imekata internet, njo maana..."

"Futa," alisema Mama Mathilde.

"Mama, sikusema kitu kibaya."

"Umesema serikali. Umesema imekata. Futa, anza tena. Sema unamupenda. Sema batoto iko muzuri."

"Sasa atajua namna gani juu ya nini nilinyamaza?"

"Atajua unamupenda. Kwa mwanaume mugonjwa, inatosha."

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu walicheka. Suzanne hakucheka. Nikaingilia.

"Mama Mathilde, dunia yote inajua ile habari. Mutu iko na haki ya kuelezea bwana yake."

"Prof, weye utabakia na haki yako hapa Kikula. Minye nitakuwa ku barrière ya mupaka. Askari akifungua simu moya, akisikia ile, anakamata zote. Sauti ya Suzanne itafika wapi?"

"Kumbe unawatumikia."

"Basi waniletee mushahara." Akafunga mdomo wa mfuko.

Suzanne alifuta, akarekodi tena: watoto wazima, tunaomba, ninakupenda. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani. Njiani nilimwambia kwamba udhibiti ulio mbaya zaidi ni ule wa jirani. Aliongeza mwendo. Labda alitambua kwamba nilikuwa nimeipenda sentensi yangu kuliko nilivyoihurumia shida yake.

Siku chache baadaye Mama Mathilde alirudi na unga na simu zote. Jibu la Godefroid lilikuwa fupi: "Suzanne, nimesikia. Kesho asubui wananipasua. Naingia na moyo mutulivu." Dada yangu aliisikiliza sauti ile mpaka simu ikazimika. Mimi nilijiuliza ni nini kilichomtuliza mtu katika tangazo kavu namna ile, nikajijibu kwamba ni upendo. Sikutafuta zaidi.

Godefroid alipona, akarudi nyumbani amekonda, mtandao ukiwa umekwisha kurudishwa. Jioni moja alinipa simu yake nimsaidie kuhifadhi picha za hospitali. Chini ya jina la Suzanne palikuwa na sauti mbili za siku ile. Ya kwanza niliifahamu. Ya pili sikuwahi kuiona katika simu ya dada yangu. Ilikuwa ya Mama Mathilde, nyuma yake malori yakipiga honi:

"Godé, ni minye, Mathilde wa unga. Sasa minye iko Zambia, naweza kusema. Serikali ilikata internet. Bibi yako hakukunyamazia, analia kila siku. Ile sauti yake kavu, ni minye nilimukataza. Usijibu juu ya hii, juu hii simu inarudi na minye. Na weye uifute."

Godefroid hakuwa ameifuta. Nilipoirudia sauti ile, alinieleza kama mtu anayetaja jambo la kawaida: Cédrick, kijana wa jirani aliyeko Dubai, naye alipata ya kwake. Kumbe Mama Mathilde alirekodi moja katika kila simu aliyoivusha, akaifuta humo kabla ya kurudi.