Masanduku ya Shemeji

Tangu aanze kuunda mashua ya tanga uani, shemeji yangu, mume wa dada, simwelewi. Hupima ubao mara tatu, hulamba penseli, kisha hupima tena. Wiki hii anatengeneza masanduku mawili ya kukalia, pale penye usukani, na kila nikisogea hufunga mfuniko taratibu akaukalia.

Jana dada alimletea chai. "Na maboya yetu ya kuvaa yatakaa wapi, baba watoto?"

Shemeji akapapasa ubao, kana kwamba ameona kibanzi. "Litakaa humu."

Dada akacheka, akarudi jikoni. Mimi nimebaki nikilirudia hilo "litakaa". Mtu anayepima mara tatu hakosei kati ya boya na maboya.