Mafundi Watatu wa Mti wa Hamida

Hamida alikuwa hajui kukataa mtu. Miaka minne nilikuwa nimefanya kazi za ndani nyumba inayopakana na anayofanyia kazi yeye, hapa mtaa wa Al Twar, Uarabuni, na sikuwa nimewahi kusikia neno hapana likimtoka. Yeye ni Mtanzania wa Pangani, mimi Mkenya wa Vihiga. Kwetu, kitu usipokitaka unasema hukitaki, na siku inaendelea.

Agosti ya 2014 madam wake alienda likizo akamwachia kazi ya kiume. Uani kulikuwa na mti wa damasi, ile miti ya kijani wanayopanda kando ya kila ukuta, na mizizi yake ilikuwa imepasua bomba la maji machafu. Choo kilirudisha maji, jamani, harufu ikafika hadi jikoni kwangu! Madam akamwachia dirham elfu mbili: tafuta mtu autoe, nikirudi nikute choo kinafanya kazi na ukuta wa jirani mzima, ndipo nikukatie tiketi. Tiketi ilikuwa ya kwenda kwao, harusi ya Tufaha, binti wa pekee wa Hamida. Walikuwa hawajaonana miaka mitatu.

Akaita mafundi watatu waje kuutazama. Sultan, Mpathani wa Pakistani mwenye msumeno wa mashine, alitaka elfu mbili na mia sita. Zadock, Mkenya mwenzangu mwenye pikapu kule Ras Al Khor, elfu moja na mia tisa. Chacha, mwashi wa Musoma, elfu moja na mia tano, kwa kuwa eti Hamida ni dada wa nyumbani.

"Ukamchukua nani?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Kila mmoja nilimwambia karibu Ijumaa, saa moja asubuhi."

"Wote watatu?"

"Walisimama juani, dada Damaris. Nikawapa maji, wakanishukuru. Ningeanzaje kuwafukuza?"

Ai! Nilimkasirikia kweli. Nikamwambia awapigie simu wawili awaambie wasije. Akasema atapiga. Hakupiga.

Ijumaa wakafika wote. Sultan akasema haondoki bila mia mbili za mafuta, na wengine, waliposikia hivyo, nao wakataka zao. Hamida alikuwa amesimama mlangoni, ile bahasha ya pesa ameikumbatia. "Harusi ya mwanangu ndiyo basi tena," akaniambia. Hasira yangu ikahama kutoka kwake ikawaendea wale wanaume.

"Yalla, njooni hapa!" nikawaambia. "Kila mtu aseme atafanya nini hasa kwa hiyo bei yake."

Ndipo mambo yakajulikana. Chacha angekata kwa shoka na kuacha shina ardhini, mizizi ikibaki mle mle bombani. Zadock alikuja na kamba: angeufunga mti kwenye pikapu auvute, na mti wenyewe umelalia ukuta wa jirani! Nikamwuliza kama mama yake anajua ana mtoto wa aina hiyo. Sultan peke yake ndiye alijua kuushusha kutoka juu, tawi kwa tawi, lakini bei yake ilikuwa na watu wa kuchimba na lori la kukodi.

"Ukikata tu, usichimbe, usibebe?" nikamwuliza.

"Mia tisa."

"Chacha, kung'oa mizizi, kubadilisha bomba na kufukia?"

"Mia sita, dada."

"Zadock, wewe utabeba uchafu kwa mia nne, na hiyo kamba usiiguse."

Zadock akacheka, akakubali. Nikajumlisha mara mbili: elfu moja na mia tisa. Hamida aliketi kwenye ngazi akasema alhamdulillahi, kisha akaenda kuwapikia pilau.

Kabla ya magharibi shimo lilikuwa limefukiwa na ukuta haukuwa hata na mkwaruzo. Madam aliporudi hakutazama bustani. Aliingia chooni, akavuta maji, akasikiliza yakienda. "Khalas," akasema. "Tarehe ngapi unataka kusafiri?"

Jioni hiyo Hamida alinikumbatia hadi skafu ikamvuka. Nilifurahi, wacha tu. Na kwa kuwa nina dada aliyeolewa Tanga, siku ya safari nikampelekea mablanketi mawili amfikishie.

Akayatazama. Akanitazama.

"Hapana, dada Damaris," akasema. "Kilo zote za mzigo ni za Tufaha."

Nilirudi nyumbani na mablanketi yangu, nacheka peke yangu barabarani.