Viunzi Visivyoanguka

Siku yangu ya kwanza kazini nilimuudhi Mkuu wa Mazizi kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya tiba ya mifugo, nikaajiriwa kuangalia afya ya farasi na usalama wa wapandaji katika shamba moja nje kidogo ya Ruhuwiko, ambako farasi tisa walifundishwa kuruka viunzi kwa ajili ya mashindano. Nikauliza kwa nini kofia ngumu zilizopasuka bado zinavaliwa. Nikauliza kwa nini farasi wanarukishwa saa saba juani.

"Kijana," akasema Mkuu wa Mazizi, mzee aliyeishi na farasi tangu ujana wake, "umekuja kufanya kazi au kutufanyia usaili?"

"Shikamoo, Mzee," nikajibu. Kwa haraka yangu nilikuwa sijamwamkia. Wafanyakazi wakacheka. Yeye hakucheka, lakini kesho yake kofia zilizopasuka zilichomwa moto.

Nilikaa miaka minne tu, na wazee wataona kichekesho mtu wa umri wangu kuandika kumbukumbu. Naandika kwa ajili ya wanaoianza kazi hii sasa.

Kiunzi ni nguzo mbili na milunda, yaani miti mirefu myembamba, iliyolazwa katikati. Mlunda wa juu hukaa kwenye kikombe, yaani kipande cha chuma kilichopinda kidogo, ili ukiguswa na kwato udondoke. Yetu haikudondoka. Fundi Rashidi, seremala wetu kutoka Namasakata, aliifunga kwa waya kwa sababu milunda iliyoachwa wazi ilichukuliwa na watu wanaojenga. Kila Jumamosi mimi, yeye na Mkuu wa Mazizi tulipita tukikitikisa kila kiunzi na kukiegemea kwa mwili mzima.

"Kimeshika?"

"Kimeshika."

Nami niliandika "imara" kwenye fomu niliyoibuni mwenyewe. Nilihoji chakula, tandiko, hatamu, hata dawa ya kupe. Fomu yangu sikuihoji.

Skolastika alikuwa mpandaji wetu bora, na farasi wake alikuwa jike wa kijivu aliyeitwa Mawingu. Asubuhi moja ya mazoezi Mawingu alikifikia kiunzi cha tano karibu mno. Miguu ya mbele ikanasa kwenye mlunda, na mlunda haukusogea. Mwili wote ukapinduka juu yake, kichwa kikitangulia, ukamwangukia Skolastika.

Skolastika alivunjika nyonga, akakimbizwa hospitali. Mawingu alivunjika mguu wa mbele, mfupa ukatokeza nje. Mimi ndiye niliyekuwa na sindano ya kumpumzisha. Shingo yake ilikuwa bado na jasho la mazoezi nilipotafuta mshipa. Mkuu wa Mazizi alishika hatamu mpaka mwisho. "Pole, mama," alimwambia.

Meneja wa shamba akataka ripoti. "Andika mpandaji alimkimbiza farasi vibaya," akasema. "Yaishe."

Ningeandika hivyo, Skolastika asingeruhusiwa tena kupanda farasi pale, na waya zingebaki. Nikafungua faili. Kiunzi cha tano: imara. Chini yake, sahihi yangu.

Nikamfuata Fundi Rashidi kwenye karakana. "Fundi, zile waya ndizo zilizomuua Mawingu."

"Si wewe uliyekuwa unaviegemea?" akanijibu bila kuacha randa. "Wallahi, ningelegeza hata kidogo ungeniandikia barua, msomi wewe."

Nikarudi kwenye faili. Nikaandika kwamba kiunzi kilifungwa, na kwamba mkaguzi aliyekipitisha ni mimi. Meneja alisoma akiwa amesimama.

"Unajua unajifunga mwenyewe?"

"Najua."

"Halafu unataka watu waje kwenye mashindano kutazama miti inaanguka?"

"Ndiyo, Meneja. Ianguke miti."

Mkuu wa Mazizi, aliyekuwa mlangoni, akavua kofia. "Na mimi nilitikisa," akasema. "Niandike."

Tulipewa barua za onyo, wote wawili. Lakini waya zilikatwa. Milunda ikawa inabebwa stoo kila jioni, watu wakinung'unika. Ukaguzi nao ukageuka: tulisukuma mlunda wa juu kwa mkono mmoja, na usipoanguka, kiunzi kimefeli. Fundi Rashidi alilainisha vikombe kwa tupa, kimoja kimoja, uso umekunjamana kama mtu anayebomoa nyumba aliyoijenga.

Mkataba wangu ulikwisha wiki ya mashindano yaliyofuata, nami sikuomba mwingine. Sikuweza tena kuona kiunzi bila kuona ile shingo yenye jasho. Sijui kama hiyo ni sababu nzuri ya kuacha kazi. Kwa mtu aliyezoea kudai sababu, naona haya kuwa na hiyo tu.

Siku hiyo ya mwisho nilikaa na Skolastika, magongo yake yakiwa yameegemezwa kwenye benchi letu. Farasi mmoja mwekundu alikifikia kiunzi karibu mno, vilevile. Goti likagonga mlunda. Mlunda ukaruka, ukabiringika kwenye nyasi.

Watu wakaangua kicheko. "Fundi! Misumari umekula?" mmoja akapaza sauti.

Fundi Rashidi akaenda kuuokota. Skolastika hakucheka. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma, akimtazama yule farasi akienda zake, miguu yote minne ikikanyaga ardhi.