Bega la Kushoto

Mnisamehe kwa mwandiko huu na herufi zinazorukwa. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua siku nzima. Kuongea ndiyo kabisa siwezi, kwa hiyo nimeona bora niandike.

Nilitoka kijijini Sapiwi kuja mjini Bariadi kukaa kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Yeye ni bodaboda, amepanga chumba mtaa wa Somanda. Kazi yangu ilikuwa kumwoshea pikipiki, na mchana nilikuwa nakwenda chumba cha gemu jirani. Wengi walicheza mpira. Kwenye mashine ya pembeni kulikuwa na gemu moja gumu, la mtu mwenye upanga anayezunguka nchi iliyoharibika. Kila baada ya safari ndefu anakutana na bosi, yaani adui mkubwa wa eneo lile, na bosi anamuua. Sheria ya pale ilikuwa moja: ukifa, unampa pedi ya kuchezea anayefuata.

Bosi wa mwisho lilikuwa jitu lenye nyundo. Lilitusumbua tangu kupanda pamba mpaka kuvuna. Mwenye chumba alitangaza mbele ya wote: "Atakayeliua, jina lake naliandika ukutani. Na nyongeza ya hili gemu nimeshaipakua. Yeye ndiye atakayeifungua, acheze peke yake mpaka achoke."

Nilitaka kitu hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilitaka jina langu lisomwe bila mimi kufungua mdomo.

Wenzangu walitazama nyundo. Mimi nilitazama bega. Nimechunga ng'ombe tangu nikiwa mdogo, na dume halikupigi hivihivi, kwanza linashusha bega. Jitu lile lilikuwa linashusha la kushoto. Nilikaa wiki nyingi nyuma ya wenzangu, nikiwaangalia wanavyokufa, nikihesabu kimoyomoyo.

Siku hiyo zamu yangu ilifika alasiri. Bega likishuka, naruka pembeni, nachoma mara moja, narudi nyuma. Watu wakanizunguka. Hata wa mpira waliacha mpira wao.

"Mchunga ng'ombe analichunga jitu!" mmoja akapiga kelele.

Jitu likapiga goti, likakaa hivyo likihema. Lilibakiza uhai mdogo kama ukucha. Ndipo nikahisi mkono begani. Kaka alikuwa ameingia, kofia ngumu bado kichwani.

"Lete, dogo."

"Sijafa, kaka."

"Nani kasema umekufa? Mikono inakutetemeka. Lete nimalizie."

Haikuwa inatetemeka. Lakini nalala kwake, nakula kwake, na kwetu mkubwa akinyoosha mkono, mdogo anatoa. Nikatoa. Kaka akapiga mara mbili, jitu likaanguka, chumba kikalipuka. Walimbeba juujuu. Mwenye chumba akaandika jina lake ukutani kwa chaki. Nilimtazama usoni, naye aliona yote tangu mwanzo. Akapangusa chaki mikononi, akageukia wateja wengine.

Kesho yake kaka akafungua nyongeza. Ilikuwa nchi mpya, nyeupe kama shamba la pamba iliyopasuka. Langoni alisimama mwanamke mwenye panga mbili. Akamuua kaka kabla hajapiga hatua kumi. Akamuua tena. Siku ya tatu watu walishaanza kumcheka.

"Muuaji wa majitu, mama kakuchapa!"

Kaka akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Dogo, wewe unaona nini pale?"

Nilikuwa nimeshaona. Kabla ya kuruka, yule mwanamke alikuwa anaburuta mguu wa nyuma kidogo, kama ng'ombe aliyezaa anayetaka kumpiga teke mkamuaji.

"Sioni kitu, kaka," nikasema.

Aliendelea kufa wiki nzima, mimi nikiwa nyuma yake. Mwisho akaitupa pedi, akasema gemu bovu. Mimi nilingoja nipewe. Sikuomba, niliona aibu. Mwenye chumba akalifuta lote. "Linakula nafasi bure," akasema, akaweka mpira.

Jina la kaka bado lipo ukutani. Nyumbani wakija wageni huwa anawasimulia alivyoliua jitu, mimi nikiwamiminia maji ya kunawa.

"Huyu alikuwepo," husema. "Muulizeni."

"Ni kweli," najibu.

Yeye aliniibia bosi. Lakini lango lile nililifunga mwenyewe, kwa maneno matatu, na sijui hata nilimkomoa nani.

Kama yupo msomaji aliyempita yule mwanamke wa panga mbili, namwomba aniandikie. Aniambie kwanza kama kweli mguu ulikuwa ndiyo dalili yake. Halafu aniambie kuna nini nyuma ya lango. Nitajibu, ila nitachelewa.