Mabakuli ya Asabe Yaliyotoboka

Mimi ndiye mke mdogo wa nyumba hii na Asabe ndiye mkubwa. Kama kuna mtu Zaria nzima asiyetarajiwa kumsifu Asabe, basi ni mimi. Kwa hiyo nikimsifu, niaminini.

Asabe anauza bagia za kunde. Ana maneno machache na mikono isiyotulia. Tangu alipomzaa Hindatu, mtoto wake wa kwanza, alianza kununua mabakuli ya bati yenye maua, moja moja, kwa ajili ya chumba cha harusi ya binti huyo. Kila mama wa huku hufanya hivyo. Miaka kumi na tisa aliyapanga nyuma ya pazia, moja ndani ya jingine, mpaka yakakaribia dari, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Hayo si ya kulia chakula. Ni ya kutazamwa na wakwe, na bibi harusi asiye nayo atasimangwa mpaka azeeke.

Wiki moja kabla ya harusi tukafungua pazia. Kumbe paa lilikuwa likivuja, paa ambalo mume wetu ameahidi kuliziba kila masika tangu niolewe. Maji yalidondoka humo miaka na miaka, kutu ikala nusu ya mabakuli. Niliinua moja juu ya uso wangu nikamwona Asabe kupitia tundu la kitako cha bakuli.

Hindatu aliangua kilio, akanigeukia mimi. "Mama Lami, nitauweka wapi uso wangu? Shangazi Mairo atanitangaza mpaka sokoni!"

Shangazi Mairo ni shangazi wa bwana harusi. Ulimi wake unajulikana.

Niseme ukweli: nilifurahi kidogo. Mabakuli ya binti yangu yalikuwa mahali pakavu. "Dada," nikamwambia Asabe kwa sauti ya asali, "chukua yangu, utanirudishia." Nilitaka aniombe.

"Baki nayo," akasema. "Nipe msumari na nyundo."

"Msumari! Unataka kuyatoboa tena?"

"Yameanza yenyewe. Mimi namalizia."

Nyumba haikutulia kwa kelele za nyundo siku sita mchana kutwa, na mume wetu akahamia kibarazani kwa jirani. Asabe aliyatoboa mabakuli pembeni, akapitisha kamba alizosuka mwenyewe, akayaning'iniza matatu matatu, kubwa chini, dogo juu. Kutu aliisugua, akapaka rangi ya samawati. Vitunguu vikapata pa kupumulia. Mabeseni mawili mapana aliyafunika mdomo kwa mdomo, akaweka mto juu: kiti, na ndani yake shuka. Birika lililokatika mdomo likashika miiko. Makopo ya maziwa aliyavisha vipande vya kitambaa cha nili, hili la hina, lile la wanja, lile la nyuzi. Kisha nikaona ungo ukutani, umejaa ndoano za kutundikia shanga.

"Huo si ungo wangu?"

"Ulikuwa umeutupa."

"Nilikuwa nimeuweka!"

"Juu ya jalala?"

Tulicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Kuanzia hapo nikakaa chini nikamsaidia kusuka kamba, ingawa nilijiambia ni kwa sababu ya ungo wangu.

Vyombo nilivipeleka mimi nyumbani kwa bwana harusi, na kuvipanga mimi. Kwetu mama wa bibi harusi haendi huko, na kwa mtoto wa kwanza aibu huzidi: mama hamshiki, hamsifu, hamtaji jina, wala haonyeshi mbele ya watu kwamba anamwazia. Bibi harusi akapelekwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Shangazi Mairo akaja kukagua na wanawake wanane, midomo tayari. Hindatu alikaa kitandani, ushungi umemfunika. Moyo wangu ulinienda mbio kama wa mama yake.

Shangazi Mairo alizunguka. "Minara ya mabakuli iko wapi?" Akafunua kopo: hina. Akafunua jingine: unga wa majani ya mbuyu. Akavuta kamba, bakuli likashuka na vitunguu vyake. Akakaa juu ya mabeseni, akainuka, akachungulia ndani.

"Jamani," akasema, "mimi nina mabakuli mia mbili. Miaka thelathini, hakuna hata moja lenye kitu ndani! Vitunguu vyangu viko chini ya kitanda." Wanawake wakaangua kicheko. "Wewe bibi harusi, mwambie mama yako nimekuja kwa ubaya, naondoka na adabu. Nani atanitobolea yangu?"

Nilirudi nyumbani jua likiwa kali. Asabe alikuwa anakaanga bagia, hakuinua uso. Nikanywa maji taratibu, nikajipepea. Nikamsimulia habari ya barabara. Nikamsimulia habari ya mbuzi wa jirani.

Mwishowe akageuza bagia ambayo alishaigeuza. "Na yule," akasema polepole, "alilia tena?"

"Yule nani?"

"Lami, tafadhali."

"Alicheka," nikasema. "Alicheka na Shangazi Mairo mpaka ushungi ukamdondoka, na hakuuokota."

Asabe alijifunika uso kwa upande wa kanga yake. Mabega yakamtikisika, sikujua ni kicheko au kilio, nadhani yote mawili. Nilimpenda sana wakati ule. Bagia zikaungua zote, na sikuzitoa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imemkumbatia.