Faudhia, Usaili na Unyago wa Mwanasha

Faudhia Yunusi aliwajazia maombi ya kazi za serikali nusu ya vijana wa mtaa wetu wa Mkomaindo kabla yeye mwenyewe hajapata kazi. Nasema hivyo kwa kuwa alikuwa akifanya kazi kwangu, katika stesheneri yangu iliyo jirani na hospitali. Mtu anakuja na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, Faudhia anavipiga skani, anamfungulia akaunti, anamnyooshea barua. Baada ya muda tunasikia mtu yule kaajiriwa Dodoma. Faudhia yupo palepale, anatoa karatasi iliyokwama kwenye printa.

Si kwamba hakuomba. Ana stashahada ya utunzaji wa maghala, na kila nafasi iliyotangazwa aliomba. Aliitwa kwenye usaili, akaanguka kwenye mchujo, yaani ule mtihani wa kwanza wa kupunguza watu: mifuatano ya namba, maumbo ya kuzungushwa, sentensi mbili halafu unaulizwa kama ya tatu ni kweli. Mimi mtihani ule siupendi, wala sifichi kusema. Unawapima watu akili kana kwamba wote wamelelewa nyumba moja.

Aliyegundua ugonjwa wake ni Ashraf, mwalimu wa hesabu hapa Masasi, mtoto wa Mjomba Haji wa Newala, kaka wa mama yake Faudhia. Huku kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako, anaweza kukwambia lolote, hata akakuita mke wake, na huna ruhusa ya kununa. Basi alikuwa akija jioni wateja wakipungua, anavuta kiti, anaanza kumsumbua.

"Mke wangu, sikiliza. Kila mkorosho unaopuliziwa dawa ya salfa huzaa. Mkorosho wa Halfani umepuliziwa salfa. Je, utazaa?"

"Haijulikani," Faudhia akasema.

"Kwa nini haijulikani?"

"Mvua ikiyapiga maua je? Halafu huyo Halfani kapulizia lini? Wengine wanapulizia maua yameshaungua."

Ashraf alicheka mpaka akashika meza. "Nani kakuuliza habari za mvua? Umeambiwa kila mkorosho. Basi, utazaa. Unakijua kilimo mno, ndiyo maana unafeli."

Wiki ile alimfundisha kusahau. Akipewa sentensi, aishi ndani ya sentensi, asiende shambani. Faudhia alikuwa mwepesi wa namba tangu zamani, na hili nalo alilishika. Kilichobaki ni yale maswali ya tabia kazini, na hapo ndipo walipogombana kweli. Mkuu wako wa kazi amekosea hesabu katika taarifa inayotakiwa kesho. Unanyamaza, unamweleza mwenyewe faragha, unamwomba mtu anayeelewana naye amweleze, au unampelekea bosi wake?

Faudhia hakufikiri hata kidogo. Alichagua kumwomba mtu. Nami ningechagua hivyohivyo, maana ndivyo tulivyolelewa. Neno zito kwa mkubwa halipelekwi na mwenyewe. Unamtafuta mtani wake, yeye atalisema huku anamtania, mkubwa atacheka, aibu itapita pembeni, na neno litakuwa limefika.

"Ukijibu hivyo wanakuandika mwoga," Ashraf akamwambia. "Wao wanataka uende mwenyewe."

"Huo si woga, ni adabu."

"Najua. Lakini wanaosahihisha hawatoki Newala."

Alilikariri jibu hilo kwa shingo upande, kisha kidogokidogo nikaona linamwingia. Nilimsikia siku moja akimwambia mteja kwamba mtu mzima husema mwenyewe.

Tangazo la usaili lilitoka mwezi wa sita. Nafasi zilikuwa za wasimamizi wa maghala ya mazao, kazi aliyoisomea hasa. Mchujo ungefanyika Mtwara siku ya Jumamosi. Niliona uso wake ukibadilika. Jumamosi hiyohiyo Mwanasha, mjukuu wa Mjomba Haji, alikuwa anatoka unyagoni huko Newala, na somo wake, yaani mwanamke wa kumfunda na kusimama naye siku ya kutoka, alikuwa Faudhia. Alikuwa amekwisha kuahidi tangu mtoto yule yuko darasa la kwanza. Faudhia hana mtoto, na kuwa somo wa Mwanasha kulikuwa jambo kubwa kwake kuliko alivyopenda watu wajue. Somo ni wa maisha. Mwali humwita hivyo mpaka wote wawili wazeeke.

Ashraf hakuona shida. Likizo ilikuwa bado ndefu, sherehe ingeweza kusogezwa wiki moja. "Tumtume Mzee Khalidi," akasema. "Ni mtani wa baba, wamekua pamoja. Atamwambia kwa mzaha, kesho yake siku itakuwa imebadilishwa."

"Nitakwenda mwenyewe," Faudhia akasema.

"Hilo ni jibu la mtihani, mke wangu. Usilipeleke Newala."

"Kama ni sahihi, ni sahihi popote."

Nilimpa ruhusa ya siku moja. Aliporudi alinieleza yote. Alimkuta Mjomba Haji uani, anahesabu mifuko yake ya salfa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mjomba. Nimekuja kukwambia mwenyewe. Jumamosi ya Mwanasha nina usaili Mtwara. Naomba siku isogezwe."

Mzee alimtazama kidogo, akauliza habari za Masasi, akaagiza apikiwe. Alimsimulia salfa ya mwaka huu ilivyochelewa. Wakati wa kuagana akampa muhogo wa kuniletea mimi. Faudhia aliona kimya kile ni kukubali, na alirudi amejaa furaha. Alisema laiti angejua mapema kwamba mambo ni mepesi hivyo.

Ilipobaki siku chache Ashraf aliingia dukani bila utani wowote. Hapo nikajua kuna jambo.

"Baba anauliza somo wa Mwanasha atafika Alhamisi au Ijumaa."

"Si nilimwambia?"

"Anasema hakuna aliyetumwa kwake. Binti alikuja kusalimia, akala, akarudi." Ashraf akakaa. "Faudhia, mtu anayepeleka neno zito mwenyewe ni yule asiye na watu. Mzee angelipokea, angekuwa amekubali kwamba wewe huna watu. Kwa hiyo hakulisikia."

Walimpigia Mzee Khalidi palepale, akaenda mchana uleule. Mjomba Haji alimpokea, wakataniana, akacheka sana, akalisikia neno lote. Kisha akasema lingefika mapema angesogeza siku bila maneno. Sasa wapiga ngoma wameshaagizwa, na ndugu wa Tandahimba wako njiani. Mwali hawezi kutoka bila somo. Kama Faudhia hayupo, atasimama Zabibu, jirani yao.

Nilimkasirikia Mjomba Haji, na mpaka leo sijamaliza. Alisikia kwa masikio yake mawili. Lakini Faudhia hakutaka nimseme. "Njia naijua tangu utotoni, mama," akaniambia. "Nimeiacha mwenyewe." Alilia kidogo nyuma ya mashine ya fotokopi, akanawa uso, akamhudumia mteja. Bado angeweza kuuacha usaili na kwenda Newala. Nilimwambia hivyo, ingawa moyoni niliogopa asije akanisikiliza. Ijumaa alipanda basi la Mtwara.

Lile swali la mkuu wa kazi lililetwa, limebadilishwa kidogo tu. Alichagua kumweleza mwenyewe faragha. Alipita mchujo, akapita na usaili wa mdomo, na barua ya kazi ikaja. Nilifurahi kweli, na nilihuzunika kweli, maana sijapata mtu mwingine wa kumwachia duka nikaenda zangu kliniki bila wasiwasi.

Kabla hajaripoti kazini tulikwenda Newala pamoja. Alikuwa amemnunulia Mwanasha doti ya kanga na viatu. Mjomba Haji alitupokea vizuri, akampongeza Faudhia mbele ya watu, akasema ukoo umepata mtu serikalini. Hakukuwa na kinyongo hata chembe. Mwanasha akaitwa. Alitoka amejifunga vizuri, ametulia, amekua ghafla kama wanavyokua wakitoka unyagoni. Akapiga magoti mbele ya Faudhia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Faudhia alimpa zile kanga. Mtoto alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akageuka kuelekea jikoni.

"Somo," akaita, "njoo uone shangazi alichoniletea."

Zabibu akatoka anafuta mikono. Faudhia alimsogezea mkeka, akampisha akae karibu na mtoto.